Kituo Changu cha Redio Kiko Kwenye Vitz

Wadau, leo nina swali la kizushi: ni nani kati yetu anamiliki kituo cha redio?

Msicheke kwanza. Kama una gari, na kwenye lile tundu la kuwashia sigara umechomeka kile kidude kinachochukua muziki kutoka kwenye simu na kuupeleka kwenye redio ya gari, basi kituo unacho. Hakina studio, hakina mtangazaji wa kuamka saa kumi alfajiri, hakina matangazo ya sabuni, lakini kinarusha mawimbi ya FM kama kituo kingine chochote. Tofauti ni nguvu tu. Na hiyo nguvu ndiyo nataka tuiongelee leo, maana kesi yote ya kisheria imelala hapo.

Kidude chenyewe kina majina mengi. Fundi wangu anakiita modyuleta. Kijana aliyeniuzia Kariakoo alikiita "Bluetooth ya gari". Kazi yake ni ile ile: unachagua masafa kwenye kidude, tuseme 87.9, kisha unaipeleka redio ya gari hapo hapo 87.9, na wimbo ulioko kwenye simu unatokea kwenye spika. Hakuna waya kati ya kidude na redio. Wimbo umepita hewani, nusu mita tu, lakini hewani. Na hewa si yako peke yako.

Nilikinunua kwa nini? Wenye magari yaliyotumika Japani mtanielewa haraka. Redio ya Vitz yangu ina sehemu ya kuingiza CD, haina tundu la flashi, haina tundu la waya wa simu. Halafu kuna lile balaa la masafa. Japani FM yao ilipangwa kati ya 76 na 90. Huku kwetu FM inaanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani na vituo vya Dar vinakutana kwenye kipande kidogo tu, kati ya 87.5 na 90. Ndiyo maana ndani ya Vitz naipata Clouds FM ya 88.5 na Radio One ya 89.5, lakini vituo vya juu ya 90 kwangu ni hadithi, mpaka fundi akufungie kile kiboksi kwenye waya wa antena kinachoyashusha masafa. Wajapani wenyewe waliongeza FM yao mpaka 95 mwaka 2014, baada ya kuzima televisheni za analojia, lakini gari langu lilitoka kiwandani zamani kabla ya hapo.

Sababu ya pili ni kazi. Mimi ni mwandishi wa habari, naishi Bunju, na si mnajua tena foleni ya Barabara ya Bagamoyo asubuhi. Saa moja na nusu nimekaa, mikono kwenye usukani, siandiki, sisomi. Nikaona bora niwe nasikiliza mahojiano niliyorekodi kwenye simu, nikifika ofisini nijue tayari nukuu nzuri ziko wapi.

Wiki niliyokinunua nilikuwa na rekodi moja nzito. Mama mmoja alikubali kunieleza mambo ya kazini kwake kwa sharti moja: jina lake lisitajwe, na sauti yake isisikike na mtu yeyote zaidi yangu. Sauti, wadau. Alisema watu wa ofisini kwao wakiisikia sauti yake hata kwa sekunde kumi watamjua. Nikampa neno langu. Sasa nikawa nimekaa na kidude mkononi, sijakichomeka bado, najiuliza: nikiipiga rekodi hii humu, inaishia wapi? Kwenye vioo vya Vitz? Au inaingia kwenye Noah iliyosimama pembeni yangu pale Mwenge?

Ndipo nikaanza kuchimba. Na nilichokuta ni kwamba swali langu dogo liliwahi kuwasumbua watu wa sheria katika nchi kadhaa.

Tuanze Marekani. Mwaka 2003 kampuni ya Griffin ilitoa kidude kinachoitwa iTrip, maalumu kwa iPod. Kilikuwa hakina hata kitufe. Unaweka kwenye iPod mafaili madogo ya sauti, kila moja limepewa jina la masafa yake, ukilicheza faili la 87.9 kidude kinahamia 87.9. Ujanja mtupu. Marekani kilikuwa halali, kwa sababu kanuni za mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, zinaruhusu vifaa vya nguvu ndogo sana kurusha kwenye FM bila leseni. Sharti ni kwamba ukisimama mita 3 kutoka kwenye kifaa, nguvu ya mawimbi isizidi mikrovolti 250 kwa mita. FCC wenyewe wanakadiria kwamba kiwango hicho kinafika mita 60 hivi, basi.

Uingereza ilikuwa kinyume. Kule Sheria ya Simu za Upepo ya mwaka 1949 ilisema ukitaka kutumia kifaa chochote cha kurusha mawimbi lazima uwe na leseni au kifaa hicho kiwe kimesamehewa rasmi. Haikujali kama ni mnara wa BBC au kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Nchi ile ina historia na redio za magendo. Mwaka 1964 Radio Caroline ilianza kurusha muziki kutoka kwenye meli baharini, nje ya mkono wa sheria, na mwaka 1967 Bunge likatunga sheria maalumu ya kuzibana redio za melini. Kwa nchi yenye kumbukumbu hizo, mtu kurusha FM bila leseni hakukuwa mzaha. Kwa hiyo kwa miaka mitatu kijana wa London aliyeagiza iTrip kutoka Marekani ili asikilize nyimbo zake ndani ya gari lake mwenyewe alikuwa, kwa mujibu wa maandishi ya sheria, fungu moja na maharamia.

Mambo yalibadilika tarehe 8 Desemba 2006. Mamlaka yao, Ofcom, iliondoa sharti la leseni kwa vidude hivi. Lakini haikufungua mlango wote. Ruhusa ilihusu vifaa visivyozidi nanowati 50, vyenye alama ya CE. Hicho kiwango cha nanowati 50 ndicho kilichomo pia katika mapendekezo ya pamoja ya nchi za Ulaya.

Nanowati 50 ni kitu gani? Nanowati ni sehemu moja ya bilioni ya wati. Simu ya zamani ya GSM, ile ya tochi, inaweza kurusha mpaka wati 2 ikitafuta mnara. Gawanya uone: hiyo simu ina nguvu mara milioni 40 kuliko kidude halali cha Uingereza. Kiwango cha Marekani ukikigeuza kwa hesabu kinaangukia chini zaidi, karibu robo ya hicho. Japani wanaruhusu mikrovolti 500 kwa mita kwa kipimo kile kile cha mita 3, ambayo inakaribiana na ya Waingereza.

Hapa nikajiuliza swali ambalo nadhani hata wewe unajiuliza. Kama nguvu ni ndogo hivyo, ugomvi wa nini?

Nikachukua karatasi. Chukua kituo kikubwa cha kilowati 10, mnara wake uko kilomita 20 kutoka kwako. Chukua kidude cha nanowati 50 kilichoko mita 1 kutoka kwenye antena. Ukipiga hesabu ya kawaida ya mawimbi kusambaa, bila kuhesabu majengo wala vilima, bado kile kituo kikubwa kinafika kwako kikiwa na nguvu kama mara 500 kuliko kidude kilichoko hapo karibu. Na redio ya FM ina tabia moja: ikikutana na mawimbi mawili kwenye masafa yale yale, inamshika mwenye nguvu na kumnyamazisha mwingine. Kwa hiyo kidude halali hakiwezi kuizima Clouds ukiwa hapa mjini. Ukikiweka 88.5 utaisikia Clouds, muziki wako utakaa kimya. Ndiyo maana kwenye maelekezo wanakwambia utafute masafa matupu.

Sasa "masafa matupu" ni matupu kwa nani? Hapo ndipo utamu ulipo.

Marekani sehemu ya chini ya FM, kuanzia 88 mpaka 92, ilitengwa kwa vituo visivyo vya biashara: vya vyuo, vya jamii, vya dini, na vile vya redio ya umma. Vingi vyao ni vidogo. Na watengenezaji wa vidude walipenda huko huko chini. Kidude kimoja maarufu cha Belkin, TuneCast, kilikuja na masafa manne tu ya kuchagua: 88.1, 88.3, 88.5 na 88.7. Yote ndani ya eneo la wanyonge. Na si vidude vyote viliheshimu kiwango. Mwaka 2006 FCC iliyabana makampuni mawili ya redio za setilaiti, XM na Sirius, kwa sababu vipokezi vyao vya gari, ambavyo navyo vilikuwa na kirusha FM ndani, vilikuwa vinapita kipimo. Mtu uko barabarani unasikiliza mahubiri au muziki wa kilasiki kutoka kituo kidogo, ghafla unaingiliwa na vichekesho vya matusi kutoka gari la mbele. Ukilipita, mahubiri yanarudi.

Mnaona kinachofanana na Dar? Kule waliwekwa chini ya FM na watengenezaji. Huku tumewekwa chini na redio za Kijapani. Wenye Vitz, Starlet, Noah na Ipsum zenye redio za zamani, sote modyuleta zetu hazina pa kwenda zaidi ya kile kipande cha 87.5 mpaka 90. Ondoa vituo vinavyosikika vizuri mjini, ondoa na majirani zao wa pembeni, kinachobaki ni vinafasi viwili vitatu. Foleni ya magari mia, yote yanagombea vinafasi vitatu. Nimeshasikia kaswida ikiingia katikati ya rumba langu pale Tegeta, na dereva wa pembeni ananiangalia kwa jicho la mtu ambaye naye amepata rumba asiyoiomba.

Hilo ni la kucheka. Lakini nilitaka kujua umbali, kwa ajili ya yule mama.

Jirani yangu ni mzee mmoja mstaafu, mwenyeji wa Unguja, amehamia huku kwa watoto wake. Ana redio ndogo ya betri ambayo haijawahi kuhamishwa kutoka kwenye redio ya Zanzibar. Bunju ile stesheni inafika kwa taabu, ina mchirizo kama mtu anakaanga samaki, na mzee anaigeuza antena kuelekea baharini kama anayetafuta upepo. Hakosi matangazo ya vifo. "Mwanangu," aliniambia siku moja, "umri wangu huu, nusu ya ninaowajua nawapata hapo."

Nikamwendea Jumamosi. "Shikamoo mzee. Nataka kufanya jaribio, na nahitaji redio yako na miguu yako." Akacheka, akakubali mara moja. Nilikuwa na modyuleta mbili: hiyo mpya ya Kariakoo, na moja ya zamani niliyoazima kwa rafiki aliyerudi kutoka masomoni Uingereza, yenye alama ya CE. Nikatafuta masafa matupu, nikacheza wimbo, mzee akawa anatembea na redio yake kutoka kwenye gari huku anahesabu hatua kwa sauti.

Ile ya Uingereza: hatua kumi na moja, kisha mchirizo mtupu.

Ile ya Kariakoo: ishirini, thelathini, akatoka geti, hamsini, akapita duka la Mpemba, sabini na mbili. Nikaona ananipungia mkono kutoka kwenye kona. Wimbo bado ulikuwa unasikika, akaniambia aliporudi, ila sauti ilikuwa imeanza kukwaruza.

Kisha mzee mwenyewe akatoa wazo ambalo mimi sikulifikiria. "Sasa iweke kwenye stesheni yangu, tuone." Nikaiweka ile ya Kariakoo kwenye masafa ya stesheni yake. Akaingia ndani kwake, kule anakokaa kila jioni, ukuta mmoja na ua mmoja kutoka kwenye Vitz. Zanzibar haikuwepo. Haikuwa hafifu, haikuwepo. Palikuwa na wimbo wangu tu, safi kabisa, bila hata mchirizo. Nikachomeka ile ya Uingereza kwenye masafa yale yale. Zanzibar ikabaki pale pale na samaki wake wanakaangwa.

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo siku kikiwa hivi, mimi ningedhani kule wamezima mitambo."

Hiyo sentensi imenikaa. Maana huyo ndiye anayelindwa na zile nanowati 50, na ndiye ambaye hatakuja kulalamika. Kituo kikubwa cha mjini hakihitaji kulindwa na kidude changu, kina minara, kina mawakili. Anayeumia ni msikilizaji wa mwisho kabisa, yule anayekishika kituo kwa mbali na kwa subira, ambaye mawimbi yakimfikia yamechoka. Akiingiliwa hajui kwamba ameingiliwa. Anadhani ni hali ya hewa, au betri, au uzee.

Kuhusu yule mama wa mahojiano, jibu lilikuwa wazi. Hatua sabini na mbili katika foleni ya Mwenge ni magari mangapi? Mbele, nyuma, pembeni, na daladala juu yake. Rekodi yake sikuipiga mle. Niliisikiliza kwa spika za masikioni, nyumbani, usiku. Na niseme hili kwa waandishi wenzangu, mawakili, na mtu yeyote anayepokea simu za siri akiwa ndani ya gari: hizi modyuleta za Bluetooth siku hizi zinapitisha hadi simu unazopigiwa. Sauti ya anayekupigia inarushwa FM. Ukikaa umefunga vioo unajiona uko faragha, kumbe uko hewani.

Na sheria ya hapa? Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, EPOCA, imeweka masafa chini ya usimamizi wa TCRA, na vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na mamlaka hiyo. Sasa nendeni Kariakoo, au kama mko Nairobi nendeni Luthuli Avenue, muangalie maboksi. Langu limechapwa CE na FCC, herufi nzuri nyeusi. Herufi kuchapa ni kazi ya wino. Hatua za mzee zilisema jingine.

Kuna watakaosema tuwaache watu wasikilize muziki wao, nchi ina matatizo makubwa zaidi. Nakubaliana nao nusu. Sioni faida ya trafiki kusimamisha Vitz barabarani kutafuta modyuleta, huo utakuwa mlango mwingine wa "kitu kidogo" tu. Dereva hana namna ya kuipima nanowati. Anayeweza kupimiwa ni mwagizaji, na mahali pa kupima ni bandarini, kabla kontena halijafunguliwa. Waingereza walichofanya mwaka 2006 kilikuwa na akili: waliacha kumuuliza mtu wa gari leseni, wakahamishia mzigo wa nguvu kwa mtengenezaji. Ndogo ruksa, kubwa hapana. Ni kanuni ambayo hata mtoto anaielewa: imba chumbani kwako, lakini usitoboe ukuta.

Kwa sasa mimi nimechukua njia ya tatu. Fundi wa Sinza amenitolea redio ya Kijapani, ameweka nyingine yenye tundu la waya na FM mpaka 108. Waya haurushi kitu. Modyuleta ya Uingereza nimemrudishia mwenyewe. Ile ya Kariakoo iko kwenye droo, na sijamuuzia mtu ingawa nimeulizwa bei mara mbili.

Nisiwachoshe. Jioni ya leo, kama unayo, fanya jaribio la mzee: azima redio ndogo, cheza wimbo, tembea, hesabu hatua. Ukipita geti la nyumba yako na bado unajisikia, basi ujue una wasikilizaji. Halafu niambie umefika hatua ngapi.

Tuko pamoja.